Samoni kwa kayaki Nehalem: fuata maji, si saa

Ndugu, umeuliza uingie mto Nehalem, hapo Oregon, Marekani, saa ngapi na kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kafi, kuvua samoni. Tazama jedwali la maji kujaa na kupwa kwanza. Chinook wa vuli, aina ya samoni, Septemba na Oktoba, hupanda kutoka baharini pamoja na maji yanayojaa. Mimi huingia saa mbili kabla hayajajaa kabisa, nikakaa mpaka yasimame. Tia heringi asiyekatwa kwenye ndoano awe chambo, umburute polepole, karibu na chini, azunguke kama samaki aliyejeruhiwa. Ncha ya fimbo ya kuvulia ikigongagonga usivute. Ngoja mpaka ipinde na ibaki imepinda.

Maji yakianza kupwa, rudi juu mtoni, nakusihi. Wakati wa bamvua mkondo unakimbia, na pale mlangoni mwa mto unapokutana na mawimbi ya bahari kafi halikusaidii kitu. Nanga ifungie mkiani au puani mwa kayaki, kamwe si ubavuni, na kamba iwe na boya uweze kuiachia mara moja. Jaketi la kuokolea livae, usilikalie: maji yale yanakata pumzi hata kiangazi. Leseni na kadi ya samoni uwe nazo, na usome kanuni za mwaka huu, maana hubadilika.