Kinda wa kasuku anakataa uji: nimwachishe kwa njaa?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina kinda wa kasuku wa kijivu mwenye wiki 11. Namlisha uji maalumu wa makinda kwa bomba la sindano, mililita 45 mara tatu kwa siku. Naupasha kwenye maikrowevu, kisha naudondoshea nyuma ya mkono kuona kama umepoa. Wiki hii ameanza kuukataa mlo wa mchana. Anageuza kichwa na kutema. Asubuhi mbili nimekuta gole lake, yaani kile kifuko cha chakula shingoni, bado lina uji wa jana, na uzito umeshuka kutoka gramu 455 hadi 428. Aliyeniuzia ananiambia nikate uji moja kwa moja, eti njaa itamfundisha kula mbegu. Nifanye hivyo?

JIBU: Usifanye hivyo, tafadhali. Umenieleza mambo matatu kwa pamoja, lakini kila moja lina maana yake. Kukataa mlo wa mchana katika umri huo ni dalili ya kukua. Kupungua gramu 27 bado hakutishi. Gole kubaki na chakula hadi asubuhi si kawaida kabisa, na hilo ndilo la kushughulikia kwanza, kabla hata ya kufikiria kumwachisha.

Gole la kinda mwenye afya huwa tupu angalau mara moja kila saa 24, kwa kawaida alfajiri, baada ya usiku mzima bila mlo. Uji ukibaki humo unachacha. Bakteria na fangasi aina ya Candida huzaliana, gole linazidi kulegea, na kila mlo mpya unaouweka juu ya ule wa zamani nao unachacha. Kwa hiyo kesho asubuhi mpapase kabla ya kumpa chochote. Ukikuta mabaki kidogo yaliyo laini, mpe mililita chache za maji ya uvuguvugu, mweke penye joto, na usubiri yashuke. Ndipo umpe mlo mdogo, mwepesi kuliko ulivyozoea. Ukikuta limejaa vilevile kama jana usiku, au ni gumu, au mdomo unanuka uchachu, au anatapika, mpeleke siku hiyohiyo kwa daktari anayejua ndege. Usimning'inize kichwa chini ili atapike. Watu hufanya hivyo kwa nia njema, na kinda hupaliwa na kufa mikononi mwao.

Kwa nini gole limekuwa zito? Nashuku joto la uji. Nyuma ya mkono hukuambia tu kwamba uji haukuunguzi wewe. Nunua kipimajoto cha jikoni: uji uingie mdomoni ukiwa kati ya nyuzi 39 na 41 za selsiasi. Ukipoa chini ya hapo, gole hufanya kazi polepole na makinda wengi huukataa. Ukizidi 43 unaweza kulichoma gole, na jeraha hilo halionekani siku ile. Huchukua siku kadhaa, kisha ngozi ya shingoni inafanya gamba jeusi, na mwishowe linatokea tundu ambalo uji unavuja. Maikrowevu ndiyo chanzo kikubwa cha ajali hizi kwa sababu hupasha uji bila usawa: juu vuguvugu, katikati unachemka. Pasha maji peke yake, changanya unga, koroga vizuri, pima. Kila mlo utengeneze upya. Uliobaki mwage, na bomba ulioshe na kulikausha kila mara.

Angalia pia anacholalia. Kinda wa wiki 11 huonja kila kitu, na maranda ya mbao yakimezwa huziba gole. Mtandikie taulo au karatasi. Chumba kikiwa baridi usiku, gole halishuki hata kama uji ulikuwa sawa. Kiasi unachompa hakina kosa kwa gole linaloisha vizuri, maana mlo mmoja huwa kama asilimia 10 hadi 12 ya uzito wa mwili. Kwa sasa punguza hadi utakapokuta gole tupu asubuhi kadhaa mfululizo.

Sasa huko kutema, na hapa nakuomba uwe makini sana. Kinda mwenye njaa husukuma kichwa juu na chini kwa nguvu dhidi ya bomba, na wakati anasukuma, njia ya hewa hujifunga na uji unapita salama. Anayegeuza kichwa hasukumi. Ukimshika na kumsukumia uji kwa lazima, tundu la njia ya hewa, lililo nyuma ya ulimi, liko wazi, na uji unaingia mapafuni. Nimonia ya namna hii huwapata sana makinda wa umri wa wako, kwa sababu mlishaji anaona uzito unashuka, anaingiwa na hofu, anaanza kulazimisha. Asiposukuma, weka bomba chini. Jaribu baada ya saa moja au mbili. Ningependa hata uhamie kwenye kijiko kilichokunjwa pembeni kama mfereji, ili ale kwa mwendo wake mwenyewe.

Kuhusu uzito: kasuku hufikia kilele kabla ya kuanza kuruka, kisha hupungua asilimia 10, wakati mwingine hadi 15. Anapigapiga mabawa, mwili unakazana, hamu ya uji inashuka. Wako amepungua kama asilimia 6. Mpime kila asubuhi gole likiwa tupu, kwenye mizani ileile, na uandike. Akishuka chini ya gramu 410, mrudishie mlo uliopunguza, mradi anaupokea na gole linashuka. Akikaribia 390, au akiendelea kushuka kila siku bila kusimama, anahitaji kuchunguzwa.

Kasuku wa kijivu wengi huachana na uji kati ya wiki 12 na 16. Wako hajachelewa hata kidogo. Kasuku wadogo kabisa humaliza wakiwa na wiki 5 au 6, na wale wakubwa wa Amerika Kusini wenye mikia mirefu huweza kupita miezi mitano. Kumnyima uji hakumfundishi kula. Kinda mwenye njaa kali hulia na kuomba, hana utulivu wa kuchezea chakula, na kuchezea ndiko kunakomfundisha. Wanaoachishwa kwa njaa mara nyingi hudhoofika, hushikwa na maradhi, na hubaki na woga na kilio kisichoisha.

Gole likishapona, mwekee chakula laini chenye uvuguvugu kwenye sahani fupi, chini, mahali anapopenda kukaa: mahindi machanga yaliyochemshwa, karoti na boga laini, majani ya kijani yaliyokatwa, chembe za chakula cha kasuku zilizolowekwa. Mpe kwa vidole pia. Mbegu kavu zije baadaye, zisiwe chakula kikuu. Parachichi na chokoleti asiguse kamwe. Chakula laini kiondoe baada ya saa chache kabla hakijaharibika. Weka na maji, kwa sababu mpaka leo maji yake yote yalitoka kwenye uji.

Usidanganyike na sahani iliyovurugwa. Kinda hupasua mahindi, huyatafuna, huyaangusha, na wewe unadhani amekula. Jioni, kabla ya uji, shika gole taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia vipande vidogo vinavyoteleza chini ya ngozi, amemeza mwenyewe. Kinyesi nacho kitazame: kikiwa kidogo, cheusi kinachoelekea kijani, hajala vya kutosha hata kama sahani ni tupu.

Mlo wa mchana ameshaukataa mwenyewe, usiung'ang'anie. Wa asubuhi uondoe pale utakapoanza kukuta vipande goleni kila jioni na uzito umetulia. Wa usiku uwe wa mwisho, na usiwe na haraka nao, kwani ndio unaomlaza ameshiba. Baada ya hapo endelea kumpima kwa wiki kadhaa. Akihamishiwa tundu jipya au akishtuka, anaweza kuanza kuomba uji tena. Mpe mlo mmoja au miwili ya jioni kwa kijiko. Kwa kawaida huacha tena mwenyewe baada ya siku chache, na akizidi hapo, niandikie na unitumie uzito wake wa kila siku.