Jibu: Shamba la Kilifi lenye maskwota

Salaam, ndugu. Umeuliza kama hati safi ya muuzaji inatosha kukulinda, ilhali shamba unalolitaka Kilifi limekaliwa na familia tatu zisizolipa kodi. Haitoshi.

Kwanza waulize wazee wa kijiji familia hizo ziliingia lini, kwa kuwa kisheria nchini Kenya aliyekaa waziwazi katika ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12 mfululizo, bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kuiomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi imtambue kuwa mmiliki, na hesabu ya miaka hiyo haianzi upya kwa sababu tu hati imebadilishwa jina. Haki hiyo huifunga hati yako hata kama haikuandikwa kwenye rejista. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Nilipokagua shamba kama hilo, upekuzi wa rejista ulitoka safi kabisa. Ni minazi iliyokwisha kuzaa, na makaburi mawili nyuma ya nyumba, vilivyonizindua.

Ikiwa muda haujatimia, muuzaji mwenyewe na awape notisi ya maandishi ya miezi mitatu, nawe usimalize malipo kabla hujakabidhiwa shamba likiwa tupu. Mimi si wakili. Mkataba mpelekee anayezijua kesi za ardhi za Pwani.