Taa ya eabegi haiwaki kabisa, nifurahi au nilie? Maswali yenu na majibu

Maswali safari hii karibu yote ni taa za dashibodi, eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga) na namna ya kukaa kwenye siti, nimechagua saba, mengine yalikuwa yaleyale yamegeuzwa tu maneno.

Fundi mambo. Nimenunua IST kwa jamaa, injini iko poa, bodi safi. Ila taa ya eabegi haiwakagi kabisa, hata nikipiga swichi. Rafiki yangu anasema ndo vizuri, maana yake eabegi ni nzima. Ni kweli? (Kijana wa Tabata)

Poa mdogo wangu. Rafiki yako anakupenda ila hapa kakupoteza. Ile taa ya kimtu kimekaa na mpira mbele ya tumbo INATAKIWA iwake. Piga swichi bila kuwasha injini, anza kuhesabu taratibu, moja mpaka sita hivi, halafu inazima yenyewe. Hizo sekunde kompyuta ya eabegi inajikagua. Ikiwaka ikazima, sawa. Ikiwaka ikaganda, kuna kasoro na inakwambia ukweli. Isipowaka kabisa, basi ama taa yenyewe imekufa au kuna mtu kaiziba mdomo, na kwa magari yanayopita mkononi kwangu mara nyingi ni hilo la pili.

Mwezi uliopita ililetwa Premio hapa, mwenyewe analalamika honi haipigi. Nikafungua ile sahani ya mishale, nyuma yake nakuta kipande cha tepu nyeusi ya umeme, kimekatwa kwa mkasi vizuri kabisa, saizi ya ukucha wa kidole cha mwisho, kimebandikwa juu ya kitaa cha eabegi. Kumbe ugonjwa wa honi na wa eabegi ulikuwa mmoja, ule utepe wa nyaya unaojiviringisha ndani ya usukani ulikuwa umekatika, honi inapita humo na eabegi ya dereva inapita humohumo. Mtu kaona taa inamkera, kaifunika, kauza gari. Mwenzake kanunua anakuja kutengeneza honi!

Ujanja wa pili ni kuunga taa ya eabegi kwenye waya wa taa ya oili, ili gari ikiwaka zote zizime pamoja. Huu kuukamata ni rahisi: piga swichi usiwashe injini, subiri. Nzima itazima yenyewe baada ya zile sekunde, hiyo ya kuungwa itabaki imewaka na ya oili mpaka upige stata. Ujanja wa tatu ndo mbaya zaidi, eabegi ilishafumuka kwenye ajali, wakaweka rezista ndogo kwenye soketi ili kompyuta idhani eabegi ipo, hapo taa inawaka na kuzima kama malaika. Sasa hapo tumia macho. Angalia kifuniko cha katikati ya usukani, rangi imefanana na plastiki nyingine? Maandishi ya SRS, yaani alama ya eabegi, yapo? Dashibodi upande wa abiria ina mstari wa gundi, imevimba mahali? Vuta mikanda ya mbele mpaka mwisho uiachie, mkanda uliokwisha kufyatuka kwenye ajali mara nyingi unarudi kwa shida au haurudi kabisa.

Kwako anza na mashine ya kupima, ikisoma kosa mara nyingi sio kubwa. Chungulia chini ya siti ya mbele kuna soketi za njano za mfumo wa eabegi, siti ikisukumwa mbele nyuma kila siku zinalegea, na wale wanaoosha gari na kumwaga maji chini wanamalizia. Ila usichokonoe mwenyewe! Fundi yeyote anayegusa waya wa njano bila kutoa waya wa hasi wa betri na kusubiri sekunde 90 au zaidi, chukua funguo zako uondoke. Ndani ya usukani kuna baruti.

Dada yangu ni mfupi, anaendesha Passo kajisogeza mpaka kifua kinakaribia usukani. Nikimwambia arudi nyuma anasema hafiki pedeli. Tufanyeje?

Mwambie nimemsalimia, na hana kosa, magari mengi hayakupimwa kwa urefu wake. Kipimo ni sentimita 25 kutoka mfupa wa kifua mpaka katikati ya usukani, yaani shubiri yako moja na vidole viwili hivi. Eabegi inafumuka haraka kuliko kupepesa jicho, ukiwa mbali kidogo inakupokea, ukiwa umeikumbatia inakupiga.

Aanze na miguu. Akae makalio yagonge mgongo wa siti kabisa, asogeze siti mpaka akikanyaga breki mpaka chini goti bado limekunjika kidogo. Hapo sasa asimamishe mgongo wa siti, watu wengi wafupi wanalaza siti halafu wanasogea mbele, wanakosa vyote viwili. Akinyoosha mikono bila kubandua mabega kwenye siti, viwiko vya viganja, pale unapovaa saa, vikae juu ya usukani. Kama siti ina mkono wa kupandisha aipandishe, kama haina basi mto mgumu mwembamba, sio lile godoro la sofa linaloteleza. Usukani aushushe uangalie kifua, sio uso.

Mikono akrabu ya tatu na ya tisa, na hapa Waswahili tumebahatika, usome saa Kizungu au Kiswahili jibu ni lilelile, saa tatu na saa tisa. Ule mkono mmoja juu kabisa wa mabraza, eabegi ikifumuka unajipiga ngumi mwenyewe. Na wale wenye maua ya kung'aa yamegundishwa katikati ya usukani, yale yanakuja usoni kwanza.

Mto wa kichwa je? Wengi wameushusha mpaka shingoni kama wa saluni. Upandishe mpaka ncha yake ilingane na utosi, na kichwa kisiwe mbali nao, vidole vinne viingie basi. Ule sio wa kulalia, ukigongwa kwa nyuma kichwa kinabaki kiwiliwili kinakwenda mbele, shingo ndo inalipa.

Fundi, mwanangu ana miezi 8, nikipanda mbele na mume wangu nampakata na mkanda tunafunga wote wawili. Si salama maana nimemshika? (Mama wa Mbezi)

Dada, pole kwa malezi, ila hapana, na huu mkanda mmoja wa wawili ni mbaya kuliko yote. Tupige hesabu kidogo. Gari iko 50, ikigonga kitu ikasimama ndani ya nusu mita, kila kilicho ndani kinasukuma mbele kwa nguvu ya karibu mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 anakuwa kilo 200. Hiyo ni mifuko minne ya saruji! Hakuna mama duniani wa kuizuia kwa mikono, hata awe na upendo gani. Mkifunga mkanda mmoja mwili wako ndo unamkandamiza yeye kwenye mkanda. Na mbele yake kuna eabegi.

Nyuma, kwenye kiti chake cha mtoto, ameangalia nyuma ya gari, kwa sababu kichwa cha mtoto ni kizito na shingo ni laini, mgongo wa kiti ndo unabeba vyote. Hicho cha kuangalia nyuma USIKIWEKE mbele penye eabegi inayofanya kazi, eabegi inakipiga kiti kichwani kwake. Ukinunua cha mtumba angalia mikanda haijachanika, plastiki haina ufa hata mdogo, na tarehe ya mwisho wa matumizi ipo imeandikwa chini au mgongoni.

Na mjamzito? Miezi 7, mkanda unanibana nafungua.

Usifungue mama. Ule wa chini upite CHINI ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, wa juu upite katikati ya matiti na pembeni ya tumbo. Sogeza siti nyuma kadiri miguu inavyoruhusu, na kama kuna wa kukuendesha akuendeshe.

Mwanangu, mimi mstaafu niko Morogoro, nina Corolla ya zamani. Kuna taa nyekundu kama birika inapepesa nikisimama kwenye mataa, nikikanyaga mafuta inazima. Fundi wa hapa ananiambia ni sensa tu niendelee. Nimsikilize?

Shikamoo mzee wangu. Usimsikilize kwanza. Hilo birika sio la kukuambia oili imepungua, linakuambia msukumo wa oili hautoshi, na msukumo ukikosekana vyuma vinasagana vikavu, injini inakufa ndani ya dakika chache. Kupepesa ukiwa umesimama na kuzima ukikanyaga ndo tabia yake hasa, kwa sababu injini ikizunguka taratibu na pampu inasukuma kidogo. Likiwaka likabaki, toka barabarani, zima, usiseme nitafika nyumbani ni hapo tu.

Kwa leo, gari ikiwa pasawa na imepoa vuta kile kijiti cha kupimia oili, futa, chovya tena uangalie. Ikiwa chini ongeza oili inayotakiwa. Ikiwa imejaa na taa bado inapepesa, hapo mwambie fundi afungue hiyo sensa afunge geji ya kupimia msukumo. Inaweza kweli ikawa sensa, sikatai, ila apime kwanza aseme baadaye.

Na kwa wengine wote mliouliza rangi: nyekundu simama, ya njano nenda kapimishe mapema, kijani na bluu ni taarifa tu. Wenye Vitz na Passo nyingi hamna mshale wa joto, taa ya bluu ni injini bado baridi, ikigeuka nyekundu imechemka, simama wala usifungue rejeta ikiwa ya moto. Taa ya cheki injini ikiwaka tu tulivu unafika gereji, ikiwa INAPEPESA punguza mwendo kabisa, kuna silinda haichomi na mafuta mabichi yanakwenda kuunguza masega ya kwenye ekzosi, yale ya kusafisha moshi. Na taa ya breki nyekundu ukishashusha handbreki ikabaki, usiende hata dukani, kama pamoja nayo ABS imewaka ndo kabisa.

Ndugu, nipo Mombasa. Ati ni kweli hizi eabegi za magari ya Japani zaweza kupasuka zikatoa vyuma? Au ni fitina tu za watu?

Si fitina, ndugu yangu. Kampuni iliitwa Takata, ilikuwa inauzia eabegi Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, mpaka BMW. Baruti yao ilikuwa ya ammonia naitreti, na hii kitu ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika, siku ya ajali inawaka kwa nguvu kupita kiasi, kopo la chuma linapasuka, vipande vinapenya mfuko na kumfuata aliyekaa mbele. Watu wamekufa kwenye ajali ambazo gari yenyewe ingetengenezwa. Marekani peke yake eabegi karibu milioni 67 ziliitwa zirudishwe, na kampuni ikafilisika 2017.

Sasa joto na unyevu wa miaka mingi, huo si ndo Mombasa, Tanga, Dar na Unguja wenyewe? Na ubaya ni kwamba taa ya dashibodi haitakwambia kitu, kompyuta inapima kama waya umeungana, haionji baruti. Chukua namba ya chesisi, ile kama NCP60 inafuatiwa na tarakimu, iingize kwenye ukurasa wa mtandaoni wa kampuni iliyotengeneza gari pale wanapoonyesha magari yaliyoitwa kurudishwa, tumia wa Japani kwa sababu chesisi za soko la Japani kurasa za Marekani hazizitambui. Kama kuna mjuzi wa Kijapani karibu mnunulie soda. Ikitokea yako imo, wapigie wakala wa kampuni hiyo. Usiende kununua eabegi ya mtumba kwa wauza spea, unaweza ukatoa mbovu ukaweka mbovu mwenzake.

Bro, nasafiri sana Dar Arusha. Maswali mawili: mshkaji wangu analaza siti kabisa analala na mkanda kafunga, sawa? Na hiyo kelele ya ting ting ya mkanda nimeona wanauza klipu za kuchomeka inyamaze, ninunue?

La kwanza, amefunga mkanda ila haujamfunga. Siti ikilala mkanda wa juu unabaki unaning'inia hewani, gari ikisimama ghafla anateleza chini yake kama samaki kwenye wavu uliotoboka, wa chini unapanda tumboni kwenye utumbo, wa juu unamkuta shingoni. Kama usingizi umemzidi ahamie siti ya nyuma, akae, afunge. Na miguu juu ya dashibodi, eabegi inatoka hapohapo, magoti yatamfikia usoni.

La pili, kwanza angalia kama kuna mtu amekaa kweli. Chini ya siti ya abiria kuna sensa ya uzito, ukiweka begi la laptopu au kilo kadhaa za unga inadhani ni mtu. Weka chini kelele itakata. Ila kama kelele ni yako wewe dereva, we jamaa vipi? Mkanda huu wa pointi tatu ulibuniwa na injinia wa Volvo, Nils Bohlin, 1959, alikuwa anatengeneza viti vya kurusha marubani kutoka kwenye ndege kabla ya hapo, na Volvo wakaacha kampuni nyingine ziutumie bure. Wewe unataka kulipia kipande cha chuma usiutumie. Halafu eabegi imetengenezwa kumsaidia aliyefunga mkanda, asiyefunga inamkuta tayari yuko juu ya usukani.

Ukiwa unafunga kava mpya za siti kabla ya safari, maana najua mnapenda, tazama ubavu wa mgongo wa siti upande wa mlango. Ukikuta kilebo kimeandikwa SRS, eabegi ya pembeni inatokea hapo, fundi wa kava asishone akapitiliza, na kama ameshapitiliza mwambie afumue mshono aache wazi.