Milimita mbili za mwisho: kufunga moduli kwenye raki hadi ikae kweli

Kabla hujabandika karatasi ya "mbovu" kwenye rektifaya (moduli inayogeuza umeme wa gridi kuwa wa mkondo mnyoofu) au kadi (bamba la saketi linalochomekwa kwenye raki) na kuirudisha stoo, ichomoe, litazame komeo lake, kisha ichomeke upya hadi mwisho. Ni kazi ya dakika tatu, na mara nyingi inaokoa safari nzima ya kurudi mnarani. Mafundi wengi hulichukulia komeo la moduli kama kitasa cha mlango: kitu cha kuzuia isidondoke au isiibwe. Hiyo ni kazi yake ya pili. Ya kwanza ni kukisukuma kiunganishi cha nyuma kiingie chote na kukizuia kisirudi nyuma.

Pini za kiunganishi hicho hazina urefu sawa, na zimetengenezwa hivyo makusudi. Ndefu kuliko zote ni za ethi (waya wa ardhini). Zinafuata za umeme. Fupi kabisa ni za mawasiliano, pamoja na ile inayoiambia moduli kwamba imefika na sasa inaweza kuwaka. Moduli ikiingia, ethi inagusa kwanza na pini fupi mwisho. Ikitoka, pini fupi inaachia kwanza, moduli inakata mzigo wake, ndipo pini za umeme zinaachana. Hiyo ndiyo sababu moduli za aina hii huchomolewa mfumo ukiwa unafanya kazi bila kurusha cheche.

Sasa, tofauti ya urefu wa pini hizo ni milimita moja au mbili tu. Moduli iliyobaki nje kwa kiasi hicho inaweza kuzungusha feni na kuwasha taa huku kidhibiti kinatoa alamu kwamba hakiioni. Fundi anaona taa, anaamini moduli imekaa, anaanza kuhangaika na programu. Pini za umeme nazo zikigusa kwa ncha tu, hatari ni kubwa zaidi. Rektifaya ya wati 3000 kwenye mfumo wa volti 48, ambao kwa kawaida, betri zikiwa zimejaa, hukaa karibu na volti 53.5, hutoa takriban ampea 56. Zikipita kwenye ukinzani wa milioma 2 tu, zinazalisha zaidi ya wati 6 za joto mahali padogo kama ncha ya penseli. Plastiki ya kiunganishi huanza kuwa kahawia, kisha nyeusi, na mwishowe soketi ya fremu (sanduku la raki linalopokea moduli) inaharibika. Rektifaya unaibadilisha kwa dakika moja. Soketi ya fremu ni kuzima kituo kizima.

Tuanze na rektifaya basi, kwa kuwa ndizo zinazochomolewa na kuchomekwa mara nyingi zaidi kwenye minara ya simu.

Makomeo yake yako ya namna tatu hivi. Kuna yenye mkono wa kukunja mbele: ukiuvuta nje, ndimi za chuma zinarudi ndani ya moduli, ukiusukuma urudi mahali pake, ndimi zinatoka na kushika matundu ya fremu. Kuna yenye kitelezi kidogo upande wa chini. Na kuna yenye skrubu moja ya kukaza. Kosa kubwa kwenye zile za mkono ni kuisukuma moduli mkono ukiwa umeshafungwa. Ndimi ziko nje, zinagonga ukingo wa fremu, na moduli inasimama milimita chache kabla ya kufika. Kwa macho inaonekana imeingia. Ukiilazimisha, ulimi unapinda, na kuanzia siku hiyo komeo hilo halishiki tena.

Fungua mkono kabisa, tazama upande wa moduli uhakikishe ndimi zimeingia, kisha ipandishe kwenye reli zake na uisukume taratibu kwa viganja viwili, si kwa kidole kimoja kwenye kona. Utahisi upinzani mara mbili: mdogo wa kwanza ni kiunganishi kinaanza kujipanga, mkubwa wa pili ni pini zinaingia. Pita huo wa pili. Ndipo ufunge mkono. Ukiona mkono unakataa kufika mwisho, usiupige. Chomoa, mulika tochi soketi ya nyuma, tafuta pini iliyopinda au kipande cha waya. Halafu weka ukingo wa rula kwenye nyuso za rektifaya zote zilizo safu moja. Iliyochomoza hata kidogo utaiona hapohapo. Malizia kwa kuivuta kwa vidole viwili, bila kugusa komeo: haipaswi kusogea.

Taa ya kijani huchelewa sekunde kadhaa kwa sababu moduli hupandisha umeme wake polepole. Ipe muda huo kabla ya kuivuta tena.

Kabla ya kuchomoa, piga hesabu ya mzigo. Mzigo ukiwa ampea 90 na rektifaya ziko tatu za ampea 50, ukitoa moja zinabaki ampea 100. Mzigo unabebwa, lakini betri zimebakiziwa ampea 10 tu. Kama umeme umerudi saa moja iliyopita baada ya kukatika usiku kucha, betri zina njaa. Subiri zijae kwanza. Na rektifaya iliyotoka kwenye mzigo mzito inaunguza, kwa hiyo vaa glavu. Kamwe usiifungue kifuniko: ndani kuna kapasita zinazobeba takriban volti 400 za mkondo mnyoofu, na hazimalizi umeme wake papo hapo kwa sababu tu umeichomoa.

Kadi za ruta kubwa, za vifaa vya faiba na za kompyuta za viwandani zina mikono miwili, wa juu na wa chini, au wa kushoto na wa kulia kadi zikilala. Sababu ya kuwepo kwake ni nguvu. Kiunganishi kimoja cha DIN 41612 chenye pini 96 kinaweza kudai hadi nyutoni 90, sawa na kilo tisa, na kadi ya urefu wa 6U (U moja ya raki ni milimita 44.45) mara nyingi ina viwili. Kwa vidole huwezi kusukuma kilo kumi na nane ikiwa imenyooka. Mikono inafanya kazi ya mtaimbo: meno yake yananasa ukingo wa fremu na kuivuta kadi ndani.

Kwa hiyo ni lazima yanase. Telezesha kadi mpaka meno ya mikono yote miwili yaguse ukingo, hakikisha yameingia kwenye nafasi yake, halafu funga mikono miwili kwa pamoja. Anayefunga wa juu kwanza na wa chini baadaye anaiingiza kadi kimshazari, na pini za kwanza ndizo zinazolipa. Skrubu huja mwisho. Zile skrubu mbili zisizong'oka kwenye uso wa kadi si za kuivuta kadi ndani. Kazi yake ni kushikilia kilichokwisha kufika. Ukiona skrubu inashika meno huku uso wa kadi bado uko nje, simama. Ukiendelea kuzungusha utakula meno ya fremu ya alumini, na hapo dawa ni kubadilisha ukanda mzima wa matundu kama mtengenezaji anauuza peke yake.

Kaza kwa vidole kwanza, juu mara mbili tatu, chini mara mbili tatu, ukibadilishana. Kisha bisibisi ya mkono, robo mzunguko hivi, isipokuwa kitabu cha kifaa kimetaja kipimo. Kikitaja, kifuate hicho. Bisibisi ya umeme usiikaribishe hapa. Skrubu za uso wa kadi hizi kwa kawaida ni M2.5, nyembamba mno kwa mashine. Angalia pia kichwa cha bisibisi: PH2 (Phillips) na PZ2 (Pozidriv) zinafanana machoni lakini si kitu kimoja, na PH kwenye skrubu ya PZ inateleza na kula msalaba.

Jambo moja husahaulika. Kingo za kadi nyingi zina vidole vyembamba vya chuma cha springi vya kuzuia mawimbi ya redio yasitoke. Kila kadi inamsukuma jirani yake kidogo. Ukipachika kadi kumi bila kukaza hata moja, msukumo huo unajumlishana na kadi ya mwisho haitapata nafasi. Utaona imebana, utailazimisha, na vidole vitakunjika na kuangukia ndani. Anza upande mmoja, kaza kadi ya kwanza kabisa, ndipo uende ya pili. Sloti tupu izibwe kwa paneli yake, nayo ikazwe, la sivyo hewa ya feni inatokea hapo badala ya kupita kwenye kadi zenye joto.

Kwenye kadi za AdvancedTCA (kiwango cha kadi za mitambo ya mawasiliano) mkono wa chini una swichi ndogo ndani. Ukiufungua kidogo, kadi inaelewa unataka kuitoa. Taa ya buluu inaanza kupepesa huku mfumo unafunga kazi zake. Subiri iwake mfululizo, bila kupepesa. Ndipo ufungue mikono yote na kuvuta. Ukirudisha kadi na taa hiyo ikabaki inawaka mfululizo, usikimbilie kuilaumu programu: mara nyingi mkono haujafika mwisho na swichi haijabonyezwa.

Moduli za faiba za SFP (vipande vidogo vinavyochomekwa kwenye swichi ya mtandao ili kupokea waya wa faiba) zina komeo dogo kuliko yote, na watu huliharibu kila siku. Chini ya moduli kuna jino la pembetatu. Ndani ya kizimba cha swichi kuna ulimi wa springi wenye tundu la pembetatu. Jino likiingia tundu, unasikia "tik". Kile kiwaya cha rangi mbele kinalitoa jino hilo tundu­ni unapokilaza. Ichomeke moduli kiwaya kikiwa kimefungwa, sukuma hadi mlio usikike, kisha ivute moduli yenyewe kwa upole bila kugusa kiwaya.

Ikigoma kutoka, karibu kila fundi anavuta zaidi. Fanya kinyume. Isukume kwanza ndani kwa kidole, laza kiwaya huku umeisukuma, ndipo uvute. Waya wa faiba unaponing'inia, jino hulalia ukingo wa tundu na kiwaya hakina nguvu ya kulitoa; kuisukuma ndani kunalipunguzia mzigo. Toa faiba kwanza na uizibe kifuniko chake, usitazame ndani ya tundu, na usitumie koleo. Kwenye swichi zenye safu mbili za matundu, safu ya chini mara nyingi hupokea moduli ikiwa kifudifudi ukilinganisha na ya juu. Ikigoma kuingia, igeuze kabla ya kuongeza nguvu. Na waya wa faiba ufungwe kwenye kishikio cha raki. Komeo la SFP halikutengenezwa kubeba kilo ya nyaya.

Wakati mwingine moduli ni nzima, komeo ni zima, na bado halifiki tundu lake. Hapo tazama fremu. Raki ya inchi 19 ina matundu matatu kwa kila U, yaani kila milimita 44.45, na nafasi kati yake hazilingani: 15.9, 15.9, kisha 12.7. Ukihesabu vibaya tundu moja upande wa kushoto, fremu inakaa kimshazari. Inakubali kukazwa, lakini inajikunja, na reli za ndani haziko sambamba tena. Legeza skrubu zote nne za masikio (mabapa ya pembeni yanayofunga fremu kwenye raki), iache ijikalie, pachika moduli mbili za pembeni zifunge vizuri, ndipo ukaze masikio kwa kupishana pembe. Nati za raki za mraba zipachike masikio yake yakiwa kushoto na kulia, si juu na chini. Hivyo zinabeba uzito bila kuchomoka. Fremu nzito, yenye kina kirefu na isiyo na tegemeo nyuma, itainama tu, hata ukikaza vipi mbele. Iwekee reli za chini.

Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Unguja: chumvi. Skrubu ya chuma cha pua ikikaa kwenye fremu ya alumini penye unyevu wa bahari, alumini ndiyo inayolika, na mwaka unaofuata skrubu haifunguki. Tumia skrubu zilizokuja na kifaa, na kila ziara ya matengenezo fungua na ukaze tena mbili tatu uone kama zinatembea. Raki inayopanda gari la redio kwenye barabara mbovu inahitaji gundi ya skrubu ya daraja dogo, tone moja tu, kwenye skrubu za chuma za fremu. Isiguse plastiki, hasa polikaboneti na ABS, kwa sababu inaipasua. Na skrubu za moduli inayochomolewa mara kwa mara usizitie gundi kabisa.

Kwa wizi, makomeo ya moduli hayatoshi. Mtu yeyote anayafungua kwa mkono. Pale rektifaya na betri zinapoibwa, weka pau ya chuma inayopita mbele ya safu nzima, yenye kufuli la ufunguo au skrubu za Torx (zenye kichwa cha nyota) zenye kidoti katikati. Pau iwe nyembamba na ipite juu ya vishikio, si mbele ya matundu ya hewa: ikiziba theluthi ya uso wa rektifaya, moduli itapunguza nguvu yake kwa joto la mchana, na utarudi kwenye alamu ambayo si ya komeo tena. Ufunguo wake uwe na nakala kwa fundi wa zamu, kwa sababu pau iliyokatwa kwa msumeno saa nane usiku, kituo kikiwa kimezimika, hudondosha unga wa chuma ndani ya moduli zilezile ilizowekwa kuzilinda.