Maswali Yenu kwa Mwalimu: Ile nyota nyekundu ikilipuka, tutaona nini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa darasa la tano amesikia redioni kwamba ile nyota nyekundu iliyo karibu na nyota tatu za mstari itapasuka. Sasa usiku hataki kukaa uani. Je, tutaungua? Na tutaona nini hasa?
Mama Neema, Tabora

Jibu: Marahaba, Mama Neema. Nyota hiyo ni Betelgeuse, kwa Kiswahili Ibuti la Jauza, bega la kundinyota la Jabari. Kwanza mtoe mtoto hofu: haitatuunguza. Supanova, yaani mlipuko wa nyota kubwa, huwa ya hatari ikiwa ndani ya miaka ya nuru 50 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), na hii iko mbali mara kumi ya hapo au zaidi. Nuru mnayoiona leo uani kwenu ilianza safari enzi zile Kilwa inafanya biashara ya dhahabu ya Sofala.

Wengi hudhani anga litawaka kama paa la makuti. La. Itabaki kuwa nukta. Wekundu utatoweka, itakuwa nyeupe yenye ubuluu, na katika wiki moja au mbili itafikia mng'ao wa karibu mwezi wa siku saba. Sasa chukua mbalamwezi yote hiyo uipitishe kwenye tundu la sindano! Mwezi una upana, ndiyo maana kingo za kivuli chake zimefifia. Nukta hii itatoa kivuli kikali kama kilichokatwa kwa wembe; chini ya mwembe utaona kila jani limechorwa mchangani. Hata mchana itaonekana, kwa miezi kadhaa. Kisha itafifia taratibu, na baada ya miaka kadhaa haitaonekana tena kwa macho matupu. Jabari atabaki bila bega, na hilo linanihuzunisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Jambo hili lina ushahidi. Mwaka 1054 wanafalaki wa China waliandika habari za "nyota mgeni" iliyoonekana mchana kwa siku 23, na usiku kwa karibu miaka miwili. Nayo ilikuwa umbali wa miaka ya nuru 6,500 hivi!

Mimi mwenyewe nimeona supanova moja. Mei 1987 nilikuwa mwalimu kijana Mtwara. Nilisimama nyuma ya nyumba za walimu nikitazama kusini, chini kidogo, kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, na hapo pasipokuwa na nyota palikuwa na nyota. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa umbali wa miaka ya nuru kama 168,000, na jicho langu liliiona. Sikuondoka mpaka ilipokuchwa. Baadaye nikasoma kwamba saa chache kabla nuru yake haijafika, tarehe 23 Februari, mitambo iliyofukiwa ardhini Japani, Marekani na Urusi ilinasa nyutrino zipatazo 25, chembe ndogo mno zinazopenya Dunia nzima kama haipo. Kwa hiyo hata Betelgeuse itapiga hodi kabla ya kuingia.

Lini? Mwishoni mwa 2019 ilianza kufifia sana, na hadi Februari 2020 watu walikuwa roho juu. Kumbe ni vumbi ambalo nyota yenyewe ililitema, likaiziba. Wataalamu wanakadiria italipuka ndani ya miaka 100,000 hivi. Inaweza kuwa kesho, lakini usiahirishe harusi.

Novemba hii, anga likiwa safi, kaa na binti uani. Kilimia kikishachomoza mashariki, subirini kama saa mbili. Zile tatu zitapanda, kushoto kwake Betelgeuse nyekundu, kulia Rigel nyeupe. Betelgeuse hubadilika mng'ao mwezi hadi mwezi, kwa hiyo binti aniandikie: usiku huo, ipi kati ya hizo mbili ilikuwa inang'aa zaidi?