Mashine iliyookolewa Kamalondo ni Lister CS

Ndugu, ile mashine uliyoiokoa kwenye vyuma chakavu vya Kamalondo, hapa Lubumbashi, ambayo ulidhani ni Deutz, ni injini ya dizeli ya Lister CS yenye silinda moja, ya aina iliyoanza kutengenezwa Dursley, Uingereza. Ninaifahamu kwa sababu baba mkubwa alisagia mahindi kwa mashine ya aina hiyo huko Kipushi, nami ndiye niliyekuwa nikiizungusha kwa mkono kila asubuhi.

Itazame silinda iliyosimama wima kati ya magurudumu mawili mazito ya chuma yenye spoku, kisha usogee hadi kwenye kichwa chake: kile kigurudumu kidogo kilichoganda kutu hufungwa wakati wa kuwasha, ili hewa ibanwe zaidi na mazutu (dizeli) yashike moto hata mashine ikiwa baridi, halafu hufunguliwa ikishapata joto. Kama kibao cha shaba bado kipo, kisugue polepole kwa kitambaa chenye mafuta, maana ndicho kinachotaja modeli: 6/1 ina nguvu za farasi 6 kwa mizunguko 650 kwa dakika, nayo 8/1 ina 8 kwa mizunguko 850.

Ila kibao kikiwa kimeng'olewa, usiseme kwa uhakika kwamba ni ya Dursley, kwa kuwa India, hasa katika mji wa Rajkot, walitengeneza nakala nyingi zinazofanana nayo sana. Na kama imekwama, tafadhali usiipige nyundo ili izunguke. Mimina mafuta mepesi ndani ya silinda, uiache siku kadhaa.