Ajali ya lori: usisaini karatasi ya tajiri

Simama juu ya mlima Kitonga, kule Iringa, Tanzania, usikilize malori yanavyoteremka. Linaloshuka salama linanguruma: dereva kaingiza gia nzito mapema, injini inashika, breki anaigusa tu. La kuliogopa ni lile linaloshuka kimya. Dereva wake kaweka fri, yaani katoa gia, abane dizeli, na mzigo wote, ambao kwa sheria ya Afrika Mashariki unaweza kufika tani 56 pamoja na gari, kauachia breki peke yake. Breki zikichemka hazishiki, hata upepo wa breki ukiwa umejaa. Halafu tunaambiwa zilifeli, wakati asubuhi zilikuwa nzima.

Nimekula mkate wa njia ya Tunduma kwa miaka mingi, utingo kwanza, kisha dereva. Vijana wangu, gia ya kushukia iingie ukiwa bado juu. Mwendo ukishachanganya, gia haikubali tena. Na usingizi ukikubana, paki. Najua tajiri, mwenye lori, anapiga simu kila saa, mwache apige.

Ila nililotaka hasa kusema ni la fidia, maana hapo ndipo wenzetu wanapodhulumiwa sana. Mdogo wangu alivunjika paja akiwa utingo kwenye semi iliyoacha njia. Bado yuko kitandani, akaja mtu wa tajiri na bahasha ya pesa, na karatasi inayosema mgonjwa hatadai kitu tena. Kalamu kaishika tayari. Mama akakataa: mtu aliyechomwa sindano ya maumivu hasaini chochote. Mungu ambariki mama yule.

Tukakimbilia bima ya gari. Kumbe ile bima ndogo ya lazima inalinda watu wengine, haimlindi mfanyakazi wa gari hilohilo. Dereva na utingo njia yao ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwajiri ndiye anayechangia, mshahara wako haukatwi. Mfuko unagharamia matibabu na unalipa asilimia 70 ya mshahara wakati huwezi kufanya kazi, hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu una malipo yake, na ukifariki wategemezi wanalipwa. Taarifa ifike ndani ya miezi 12. Kama tajiri hakukusajili, kosa ni lake, wewe peleka taarifa.

Mdogo wangu hakuwa na mkataba. Kilichomwokoa ni meseji za posho ya safari zilizobaki kwenye simu, mwezi kwa mwezi, kutoka namba ileile. Msifute meseji hizo, jamani.

Wewe uliyegongwa na lori ukiwa kwenye basi, bodaboda au kwa miguu, bima ya lori ndiyo yako, ila lazima ionekane dereva wake alikosea. Chukua PF3, ile fomu ya matibabu, polisi, hakikisha trafiki amechora ramani ya ajali, na piga picha namba ya kichwa na ya tela, zote mbili, kwa sababu kila kimoja kina usajili wake. Stika ya bima ihakikiwe kwenye TIRA MIS, mtandao wa mamlaka ya bima, zipo za kughushi. Kampuni ya bima ikikuzungusha, nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mahakamani una miaka 3 tangu ajali. Risiti zote weka, hata za magongo.